Vyungu Viwili vya Mafua

Enzi zetu mafua hayakuwa siri ya mtu. Ukipiga chafya asubuhi ukielekea kisimani, kabla ya saa nne Mshangano nzima, mtaa wetu wa Songea, ilikuwa imeshapata habari, na kila mwanamke alikuwa na maoni kuhusu kilichoileta. Wengine walisema ni upepo wa mwezi wa sita, wengine ni vumbi la mahindi yaliyokuwa yakipukuchuliwa, na wachache walisema ni tabia. Nawaandikia wenzangu tuliozaliwa katikati ya miaka ya sabini, ambao mafua yetu yalitibiwa jikoni. Vijana nao wanaruhusiwa kusoma, mradi wasome hadi mwisho.

Nilizaliwa tarehe 9 Oktoba 1976. Wazazi wangu walilima kahawa huko Mbinga, nami nilipofikisha miaka minne nilipelekwa Songea kwa bibi mzaa baba ili awe na mtu wa kumtuma. Alinituma kwa miaka minane mfululizo. Nilichota maji, nilichanja kuni, nilitwanga, nilipeta, niliwafukuza ndege mtamani, na jioni nilimkanda miguu. Sikuona ubaya wowote katika maisha hayo, kwa kuwa watoto wengi niliowafahamu walikuwa wakitumwa, na wale ambao hawakutumwa walionekana kukosa kazi ya maana.

Shule ilikuja kwa kuchelewa. Nilianza darasa la kwanza Jumatatu, tarehe 9 Januari 1989, nikiwa na umri wa miaka kumi na miwili na miezi mitatu kamili. Wenzangu darasani walikuwa na miaka saba, na wengine hawakuwa wameota meno ya mbele. Dawati lilinifika magotini. Asubuhi ya kwanza mtoto mmoja aliniamkia shikamoo, nami nikaitikia marahaba, kwa sababu si vizuri kumwacha mtoto bila kuitikiwa. Katika mchezo wa rede hakuna upande ulionikubali, maana upande wowote niliouingia ulishinda kabla mpira haujarushwa, basi nikateuliwa kuwa mwamuzi. Ualimu wa zamu niliufanya bila kuajiriwa: niliwafunga vifungo vya mashati, niliwafuta makamasi, na niliwavusha barabara. Baada ya hapo nilikaa nao, nikajifunza kuandika herufi a.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Maduka ya mjini, ambayo katika utoto wangu wote yalikuwa na rafu, mizani na mwenye duka, sasa yalianza kuwa na vitu. Zilikuja sabuni za rangi zote, chupa za chai zenye maua, na ndoo za plastiki zilizotufanya tuzione ndoo za bati kuwa za kizee. Mitumba ilimwagwa chini kwenye maturubai, na watu wenye heshima zao waliinama kuichambua kama wanaochagua maharage. Bibi aliitumia ruksa yote hiyo kununua vitu viwili tu: koti la kijivu la mwanaume wa nchi fulani yenye baridi, na blanketi zito la mistari lililotosha kufunika watu watatu na mbuzi. Koti alilivaa kanisani. Blanketi lilikuwa la mafua.

Wale mliokulia nyanda zetu mnaijua Songea ya mwezi wa saba. Ukungu ulikaa mashambani hadi jua lilipoona aibu, likatoka. Tulikula ugali wa dona na majani ya maboga yaliyokaushwa, au dagaa wa Nyasa waliokaangwa hadi wakalia chini ya meno, na tuliota moto huku mgongo ukiganda na uso ukiungua. Katika majira hayo kila nyumba ilikuwa na mgonjwa wake wa mafua na kila nyumba ilikuwa na supu yake. Ya Bibi ilifahamika.

Nitaieleza supu hiyo kwa utaratibu, kwa sababu naona siku hizi watu wanaipika kwa kubahatisha. Kwanza alikuwepo kuku wa kienyeji, tetea aliyeacha kutaga, kwani Bibi aliamini kuwa kuku anayetaga bado ana shughuli zake na hawezi kumhudumia mgonjwa. Alikatwa vipande vikubwa, akatiwa kwenye chungu kwa maji ya baridi, kamwe si ya moto. Tangawizi ilipondwa juu ya jiwe pamoja na maganda yake. Kitunguu swaumu kilitiwa bila kukatwa, na pilipili kichaa mbili zilitiwa nzima, na ole wako zipasuke. Nyanya hazikuruhusiwa, kwa sababu Bibi alisema nyanya ni za harusi. Chumvi ilitiwa kidogo. Limao lilikamuliwa mwishoni, ndani ya bakuli, kwa mkono wa mgonjwa mwenyewe. Chungu kilikaa motoni tangu asubuhi mpaka nyama ilipokubali yenyewe kuachana na mfupa.

Supu hiyo ilikuwa na masharti mawili, na masharti hayo ndiyo yaliyoleta yote nitakayoyasimulia. La kwanza, chungu cha mgonjwa kilifunikwa kwa jani la mgomba, likafungwa shingoni kwa kamba ya mgomba, na hakuna aliyeruhusiwa kulifungua isipokuwa mgonjwa mwenyewe, ili nguvu yote imkute ndani. La pili, anayempikia mgonjwa haonji. Akionja, alisema Bibi, amempunguzia mwenzake uponyaji. Kwa hiyo niliipika supu ile kwa miaka mingi bila kuijua ladha yake ilivyo ikiwa jikoni.

Pamoja na chungu cha supu kulikuwa na chungu cha kujifukiza, ambacho kilifungwa vilevile. Ndani yake yaliingia majani ya mpera, majani ya mlimao na mchaichai. Majirani walitia na mkaratusi, lakini Bibi aliukataa, akisema mkaratusi ni mti wa nguzo za umeme na yeye hana mpango wa kuwaka. Mgonjwa aliketi kwenye kigoda, chungu kikawekwa miguuni pake, akafunikwa blanketi kichwa hadi chini, kisha huko ndani akalifungua jani na kuyakoroga majani kwa kijiko kikubwa cha mti ili mvuke upande. Alitoka amelowa, akalazwa. Kwanza watu walijifukiza, kisha wakanywa supu. Ndivyo ilivyokuwa, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Sasa nirudi kwenye mwaka huo wa 1989. Bibi aliugua mafua Alhamisi, tarehe 22 Juni. Si mafua ya kupita. Yalimshika kifuani, akakohoa hadi kuku wakahama chini ya dirisha lake. Shule ilipofunguliwa tarehe 3 Julai nilikuwa nimeshika ufagio. Nilitazamia kwamba angeniambia niende. Hakusema hivyo. Alisema jambo ambalo nililikumbuka kila saa kwa siku nyingi zilizofuata: kwamba shule tumeijaribu, tumeiona, na sasa inatosha. Miezi sita, alisema, ni shule ya kutosha kwa mtu ambaye tayari anajua kupika. Mtoto wa enzi zetu hakuwa na jibu kwa bibi yake. Alikuwa na kazi.

Lakini niliumia, na nitasema kwa nini. Nilikuwa nimefika herufi r. Nilijua kwamba nyuma ya r kuna herufi nyingine ambazo watoto wa miaka saba walikuwa wakizipata bila mimi, siku baada ya siku, na kwamba nikirudi nitawakuta wamesimama mahali nisipoweza kuwafikia. Sikuwa na umri wa kuanza tena. Ningefutwa katika daftari la mahudhurio mwezi ule, nisingeandikwa tena mahali popote isipokuwa kanisani siku ya ndoa.

Alhamisi, tarehe 13 Julai, ilikuwa siku yangu ya nane ya kukosa masomo, ukiondoa sikukuu. Asubuhi Bibi alimteua tetea wa mwisho aliyeacha kutaga. Jirani yetu Mzee Issa aliitwa kuchinja. Bibi alikuwa Mkatoliki wa misa ya kwanza, lakini kuku wake wote walichinjwa na Mzee Issa, ili mgeni wa dini yoyote akitokea ale kwa amani. Nami nilikuwa nimeambukizwa mafua yaleyale tangu Jumatatu, pua zangu zote mbili zimeziba kabisa. Nawaomba mlizingatie hilo.

Niliweka vyungu vyote viwili jikoni. Tulikuwa tumevinunua siku moja kwa mfinyanzi mmoja, na ukiwa umefumba macho hungeweza kuvitofautisha. Vikifungwa majani ya mgomba, hata ukiwa umefumbua. Cha supu nilikiweka kulia, cha majani kushoto. Jiko letu halikuwa na dirisha na moto ulielemea kulia, kwa hiyo baadaye nilivibadilisha nafasi ili vichemke sawa, kisha nikavirudisha. Hivyo ndivyo nilivyoamini. Nimelifikiria jambo hili kwa zaidi ya miaka thelathini, na msimamo wangu ni kwamba nilivibadilisha mara moja na kukumbuka mara mbili.

Saa tisa alasiri akaja Mwalimu Rashidi, mwalimu wetu wa darasa la kwanza. Alikuwa kijana mrefu kutoka Namasakata, wilaya ya Tunduru, aliyekuwa na mwaka mmoja tu huku kwetu na ambaye baridi ya Songea ilikuwa imemfanyia mambo ambayo hakuyatarajia alipokubali uhamisho. Alivaa sweta mbili. Kwapani alikuwa na daftari la mahudhurio, na kabla ya kubisha hodi alikohoa kikohozi kirefu ambacho Bibi, akiwa mkekani ndani, alikisikiliza kama fundi anavyosikiliza injini.

Alimwamkia Bibi kwa adabu, akamuuliza hali, akasema alhamdulillahi aliposikia anaendelea vizuri, ingawa ilionekana wazi kuwa haendelei vizuri. Akaanza kusema kwamba amekuja kwa ajili ya mtoto. Bibi akamzuia kwa kiganja. Alimwambia kwamba nyumbani kwake mtu anayekohoa hajadiliani, kwamba kuna chungu kiko tayari, na kwamba maneno yangekuwepo palepale baada ya jasho. Kujifukiza kule tulikuwa tumekuandaa kwa ajili ya Bibi mwenyewe na mimi. Alimpa mgeni.

Mwalimu alijaribu kukataa. Hajawahi kuishi mtu aliyemkatalia Bibi hadi mwisho. Dakika chache baadaye alikuwa ameketi kwenye kigoda pembeni mwa chumba, daftari limewekwa juu ya kabati, blanketi la mistari limemfunika mpaka chini, na mimi nimekisukuma ndani chungu cha kushoto. Bibi alimpitishia kijiko cha mti chini ya blanketi. Alimwambia afungue jani na asitoke mpaka kitu kiishe nguvu. Kisha nikamletea Bibi chungu cha kulia, bakuli na limao, nikaketi kusubiri maamuzi kuhusu maisha yangu.

Halafu sauti ya Mwalimu ikatoka ndani ya blanketi, ya upole, ya mtu anayechagua maneno.

"Samahani, Bibi. Kuku huyu alichinjwa na nani?"

Bibi aliniangalia. Aliona, nadhani, kwamba homa imempanda kijana wa watu na anataka mazungumzo. "Na Mzee Issa, hapo jirani," alisema. "Kwani vipi?"

"Alhamdulillahi," lilisema blanketi.

Baadaye nilikuja kuambiwa na Mwalimu mwenyewe alivyofikiri. Kwao Tunduru watu hujifukiza, na kwao Tunduru watu hunywa supu, lakini alikuwa hajaona mahali ambapo vyote viwili hufanywa kwa wakati mmoja. Alipolifungua jani kule gizani na kijiko kikagonga paja la kuku, alistaajabu kidogo, kisha akaona mantiki yake: mvuke utibu nje, supu itibu ndani, blanketi lisipoteze chochote. Alisema aliwaza kwamba Wangoni wa Songea ni watu wenye akili. Alikuwa ameambiwa asitoke mpaka kitu kiishe, na alikuwa mtu wa kutii maagizo ya wakubwa.

Wakati huohuo Bibi alikuwa amefungua jani lake. Mle ndani hamkuwa na mwanga wa kutosha, na pua yake ilikuwa imeziba kuliko yangu. Alijaza bakuli, akakamua limao, akanywa. Akanywa tena, kwa uangalifu.

"Umezidisha mchaichai," alisema.

Sikuwa nimetia mchaichai wowote kwenye supu, lakini nilisema nisamehe Bibi. Akazamisha kijiko chunguni, akakizungusha. Yalipanda majani ya mpera. Akakizungusha upande wa pili. Yalipanda majani ya mlimao.

"Kuku yuko wapi?"

"Chini, Bibi."

"Chini wapi?"

"Labda ameiva sana," nilisema. Nakiri kwamba hilo ndilo jibu nililokuwa nalo.

Hapo ndipo pembeni mwa chumba, ndani ya blanketi, mfupa ulipovunjwa kwa meno.

Sauti ya mfupa wa kuku mkavu na ile ya mfupa uliopikwa tangu asubuhi si sauti moja, na Bibi alizijua zote. Aligeuza kichwa taratibu, akaliangalia blanketi. Lilikuwa likitikisika kidogo, kwa utulivu, kama linavyotikisika blanketi la mtu anayefanya kazi yake vizuri. Nilinyanyuka. Akanishika kifundo cha mkono, akanivuta chini.

"Mwache," alinong'ona. "Mgeni hasumbuliwi akila."

Tukakaa. Naomba mwelewe kwamba sharti hilo la mgeni lilikuwa zito kuliko njaa. Bibi alikuwa na siku ishirini na moja za mafua, alikuwa amemtoa tetea wake wa mwisho, na kilichokuwa mbele yake ni bakuli la majani ya mpera yenye limao. Alilinywa lote. Alilinywa mgongo ukiwa wima, bila kukunja uso, ili mgeni akitoka amkute na yeye amekula.

Mwalimu alitoka baada ya muda mrefu. Uso ulimng'aa kwa jasho. Sweta moja aliivua. Alivuta pumzi kwa pua zote mbili, akaonekana kushangaa kuwa zinapitisha hewa. Akamshukuru Bibi kwa maneno mengi, akasema kwamba tangu aje Songea hajapata dawa kama ile, na kwamba atawaandikia nyumbani kuwaeleza namna inavyofanywa. Bibi alimwambia karibu tena. Alisema ndiyo desturi ya huku kwetu. Nilikuwa sijawahi kumsikia Bibi akisema uongo, na niliona alivyoubeba kwa shida, kama mtu aliyebeba debe la mwenzake.

Kisha Mwalimu akalichukua daftari lake, akalifungua magotini, na hapo nilianza kusali.

Alisema kwamba alipotoka shuleni nia yake ilikuwa kumwomba Bibi anirudishe darasani. Alikuwa amepanga maneno njiani. Ila sasa, alisema, angekosa haki kama angeyasema. Alikuwa ameona kwa macho yake, na zaidi ya macho, jinsi nyumba hii inavyonitegemea. Mtoto wa miaka kumi na miwili anayepika supu kama ile huku bibi yake akiwa kitandani ana shule yake tayari. Yeye mwenyewe hakutaka kuwa mtu wa kumnyang'anya mgonjwa mkono wake wa kulia. Alisema Bibi amemshinda bila hata kubishana, akatabasamu, akatoa kalamu mfukoni, akaanza kulitafuta jina langu kwa kidole.

Bibi alikuwa amepata alichokitaka. Wiki tatu alikuwa ameandaa hoja zake, na sasa hakuhitaji kutumia hata moja. Nilimwona akikitazama kidole cha Mwalimu kikishuka kwenye ukurasa, jina baada ya jina. Sijui alikuwa anaona nini, kwa kuwa hakujua kusoma. Kidole kikasimama.

"Hili ndilo lake?" aliuliza.

"Ndilo, Bibi. Yustina."

Bibi alinyoosha shingo akalitazama. Hakuwahi kuliona limeandikwa. Nyumbani kwetu hakukuwa na kitu chochote chenye jina la mtu.

"Weka kalamu," alisema.

Mwalimu akadhani hajasikia vizuri.

"Weka kalamu, mwanangu. Supu umeisifu wewe uliyeipata. Mimi nimekunywa maji ya kujifukizia."

Mwalimu alikitazama chungu kilichokuwa karibu naye, ambamo mlikuwa na mifupa. Akakitazama cha Bibi, ambamo mlikuwa na majani. Alikuwa mwalimu, na jambo lilimfikia upesi. Alisimama, akaketi, akasimama tena, na jasho ambalo lilikuwa limekauka likarudi lote. Alisema astaghfirullahi mara kadhaa. Nilikuwa nikitazama sakafu, lakini nilijua kwamba nimeshuhudia kitu ambacho sikutegemea kukiona maishani: Bibi amemwaibisha mgeni ndani ya nyumba yake, kwa makusudi, akiwa na akili timamu.

"Usisimame, nimekupa mwenyewe," alimwambia. "Nakuuliza kitu kimoja tu. Mtoto mkubwa hivi, ana macho mawili, hajui chungu chenye kuku na chungu chenye mpera. Nibaki naye jikoni anifanyie nini? Aniue?"

Mwalimu alisema, kwa sauti ndogo, kwamba kosa linaweza kumpata yeyote.

"Mchukue," alisema Bibi. "Jumatatu nitamleta mwenyewe. Na huyo mfundishe haraka, amechelewa."

Hakunitazama alipoyasema hayo. Alijifunika blanketi, ambalo lilikuwa bado lina joto la mwalimu na harufu ya tangawizi ambayo mimi na yeye hatukuweza kuinusa, akageukia ukutani. Tarehe 17 Julai 1989 alinifikisha mpaka mlangoni mwa darasa akiwa amevaa koti la kanisani, akikohoa. Mafua yake yalimalizika tarehe 22. Nilizikuta herufi s na t zimeshapita. Nilizipata kwa mtoto wa miaka saba aitwaye Gaudensi, ambaye alinitoza ulinzi wakati wa mapumziko.

Nilimaliza darasa la saba mwaka 1995, zikiwa zimebaki siku chache tu nitimize miaka kumi na tisa, na siku hiyo wapo waliodhani mimi ni mzazi. Sikuona haya wakati ule na sioni sasa. Tangu mume wangu alipofariki, tarehe 2 Februari 2016, nimesaini karatasi zote za nyumba na shamba kwa mkono wangu, na hakuna shemeji aliyewahi kunisomea kilichoandikwa.

Mwaka huu mafua yamenipata mwezi wa sita, kama kawaida. Binti yangu aliyeko Dodoma alinitumia ujumbe wenye picha ya uso unaolia. Mwanangu wa mwisho, ambaye ana miaka ishirini na anaishi chumba cha pili, aliniletea pakiti ya unga wa supu, akaumwagia maji ya moto, akakoroga mara tatu, akaniambia mama tayari. Ilikuwa tayari kweli. Tulipokuwa wadogo, kwa muda huo tulikuwa bado hatujamkamata kuku. Kisha akanionyesha kwenye simu mtu wa nchi ya mbali akieleza faida za tangawizi, nikamsikiliza hadi mwisho kwa sababu nimelelewa vizuri. Vijana hawa si wabaya. Wana kila kitu, na kila kitu kinakuja kimeshafunguliwa.

Lakini liko jambo moja ambalo sijaliona tena. Mwalimu Rashidi aliandika tarehe ubaoni kila asubuhi kabla ya kuandika kitu kingine chochote, na hayo ndiyo yalikuwa maandishi ya kwanza ya maana niliyoyaweza. Bibi hakujua alizaliwa lini. Alijua ulikuwa mwaka wa nzige, na nzige walikuja zaidi ya mara moja. Baada ya Julai ile alianza kuniuliza swali moja kila niliporudi, kabla sijaweka begi chini: leo wameandika tarehe ngapi? Nilimwambia. Alikaa nayo kidogo, akairudia kimyakimya, kisha akatoka nje akawapelekea majirani kama mtu aliyepokea barua kutoka mbali. Hakuacha hata nilipomaliza shule na hapakuwa tena na ubao. Alifariki Ijumaa, tarehe 14 Machi 1997. Fundi wa msalaba alitaka tarehe mbili, nikamwandikia moja.

Sasa tarehe iko kwenye simu ya kila mtoto, juu kabisa, kwa maandishi madogo, na hakuna anayeisoma. Mimi bado naamka nikiwa nayo tayari mdomoni. Nakaa nayo mpaka jioni, na hakuna anayeniuliza.